Dampo Likifungwa Gesi Hubaki: Namna ya Kupanga Mabomba ya Kupimia Gesi Ardhini

Dampo linapofungwa, malori huacha kuja, moshi hukoma na nyasi huanza kuota juu ya udongo uliofunika taka. Kwa macho ya mpita njia, eneo hilo huonekana kuwa uwanja wa wazi kama viwanja vingine. Hata hivyo, chini ya udongo huo taka huendelea kuoza kwa miaka mingi, na kuoza huko huzalisha gesi ambayo sharti itafute njia ya kutoka. Njia hiyo yaweza kuwa juu, kuelekea angani, au pembeni, kuelekea kwenye misingi ya nyumba za jirani.

Chombo kikuu cha kubaini iwapo gesi inasafiri chini ya ardhi ni bomba jembamba linalochimbiwa pembezoni mwa dampo na kusomwa kwa kifaa maalumu. Makala haya yanaeleza mabomba hayo hupangwa kwa kuzingatia mambo gani: mahali pa kuyaweka, idadi yake, kina chake, wakati wa kuyasoma na hatua za kuchukua baada ya kipimo. Jambo la msingi la kukumbuka ni kwamba kipimo cha sifuri huwa na maana pale tu bomba linapokuwa mahali panapostahili na kusomwa kwa wakati unaostahili. Vinginevyo, sifuri hiyo huwapa wakazi matumaini yasiyo na msingi.

Madampo ya zamani na makazi ya watu

Jiji la Dar es Salaam lina historia ndefu katika suala hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walifungua shauri Mahakama Kuu wakipinga uendeshaji wa dampo lililokuwa karibu na makazi yao. Jaji Lugakingira aliyesikiliza shauri hilo alilihusisha suala la uchafuzi na haki ya kuishi inayolindwa na Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Baada ya dampo la Tabata kufungwa, taka za jiji zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi.

Maeneo hayo yalianza kutumika kama madampo ya wazi, bila tabaka maalumu la chini la kuzuia maji machafu na gesi kupenya kwenye udongo wa asili. Mji nao umeendelea kukua kuyazunguka. Kwamba taka za aina hiyo huzalisha gesi kwa wingi si jambo la kubuni. Mradi wa kukusanya gesi ya dampo la Mtoni ulisajiliwa chini ya Utaratibu wa Maendeleo Safi wa Itifaki ya Kyoto, na kazi yake ilihusu gesi hiyo hiyo inayozungumziwa hapa.

Hayo hayamaanishi kuwa kila nyumba iliyo karibu na dampo la zamani imo hatarini. Yanamaanisha kuwa jibu la uhakika hupatikana kwa kupima, na kupima kwenye maana huanza na mpango.

Gesi inayotoka kwenye taka

Masalia ya chakula, majani, karatasi na mbao yanapofukiwa, vimelea huyaozesha kwanza kwa kutumia oksijeni iliyomo kwenye taka. Oksijeni hiyo ikiisha, vimelea wa aina nyingine huchukua nafasi na kuanza kuzalisha methani. Gesi ya dampo lililokomaa huwa na takribani nusu methani na nusu hewa ya ukaa, pamoja na kiasi kidogo cha gesi nyingine, ikiwamo haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai bovu.

Methani haina rangi wala harufu. Inapochanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15 ya ujazo, mchanganyiko huo unaweza kulipuka kwa cheche ndogo, hata ile ya swichi ya taa. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujikusanya kwenye mashimo, visima na mahandaki, na inaweza kumkosesha mtu pumzi kabla hajatambua. Haidrojeni salfaidi nayo ikizidi hupumbaza hisia ya kunusa, kwa hiyo kutoweka kwa harufu si ushahidi kwamba gesi imeondoka.

Kufunika dampo kwa udongo wa mfinyanzi ni hatua njema, kwani huzuia moto, nzi na maji ya mvua. Lakini kifuniko hicho hicho huiziba njia ya juu. Kama hakuna mfumo wa kuivuta au kuitoa gesi, itasukumwa pembeni kupitia mchanga, nyufa za miamba, mitaro ya mabomba ya maji na njia za nyaya zilizochimbiwa.

Funzo kutoka Loscoe

Tukio linalorejewa mara nyingi na wataalamu wa fani hii lilitokea katika kijiji cha Loscoe, Derbyshire, nchini Uingereza. Asubuhi ya tarehe 24 Machi, 1986 nyumba moja iliyokuwa jirani na dampo lililofunikwa ililipuka, na watu watatu waliokuwamo walijeruhiwa vibaya. Dampo hilo lilikuwa machimbo ya zamani ya udongo wa kufyatulia matofali. Gesi yake ilipita kwenye nyufa za mwamba hadi chini ya sakafu ya nyumba, ikajikusanya humo.

Uchunguzi uliofuata ulionesha jambo lililobadilisha namna ya kupanga vipimo. Saa chache kabla ya mlipuko, mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka kwa milibari 29 ndani ya saa 7. Hewa ya juu inapopunguza uzito wake juu ya ardhi, gesi iliyobanwa chini hupata nafasi ya kutoka. Mtu ambaye angepima siku moja kabla, mgandamizo ukiwa juu, angeweza kupata kipimo kidogo na kuondoka akiamini kwamba hakuna tatizo.

Hatua ya kwanza: kujua taka zinaishia wapi

Kabla ya kuchimba shimo lolote, wataalamu huandaa maelezo ya eneo yanayojibu maswali matatu: gesi inatoka wapi, inaweza kupita wapi, na inaweza kumfikia nani.

Katika madampo ya zamani swali la kwanza ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mpaka wa taka mara nyingi si uzio uliopo leo. Picha za anga za miaka iliyopita, ramani za viwanja na mashimo ya majaribio husaidia kuuchora mpaka halisi. Kumbukumbu za wazee wa mtaa, waokota taka na madereva wa zamani wa malori nazo ni taarifa za thamani. Wao ndio wanaojua korongo lipi lilijazwa na mwaka gani.

Swali la pili huhitaji ufahamu wa udongo. Mchanga wa pwani hupitisha gesi kwa urahisi, wakati mfinyanzi uliolowa huizuia. Pale matabaka ya mchanga na mfinyanzi yanapopishana, gesi yaweza kusafiri katika tabaka moja tu na kuliacha jingine likiwa safi. Mitaro ya maji safi, maji taka na nyaya ichorwe kwenye ramani, kwani kila mtaro uliojazwa kokoto au mchanga ni njia inayowezekana.

Swali la tatu huhusu watu. Nyumba, shule, zahanati, maduka na visima vilivyo karibu vihesabiwe na kuoneshwa kwenye ramani hiyo. Majengo yenye vyumba vya chini ya ardhi, makaro au sakafu zilizopasuka yapewe uzito wa pekee.

Mahali na idadi ya mabomba

Mabomba ya kubaini gesi inayosafiri huwekwa nje ya taka, katika udongo wa asili, kati ya ukingo wa dampo na makazi. Bomba lililochimbiwa ndani ya taka litaonesha gesi daima na halitasema lolote kuhusu usalama wa majirani, ingawa lina faida yake katika kujua nguvu ya chanzo.

Kuhusu umbali kati ya bomba na bomba, kanuni za jimbo la California nchini Marekani zimeweka ukomo wa futi 1,000, yaani takribani mita 305. Huo ni ukomo wa juu. Pale nyumba zinapogusana na dampo, au ardhi inapobadilika kila hatua chache, umbali hupunguzwa sana.

Mfano ufuatao unaonesha hesabu inavyofanyika. Dampo lina mzunguko wa mita 1,200, na katika mita 400 za mzunguko huo limepakana na nyumba. Upande wa nyumba ukiwekewa bomba kila baada ya mita 50 na pande nyingine kila baada ya mita 200, yatahitajika mabomba 12. Dampo hilo hilo likipangiwa umbali wa mita 300 kote kote, yatahitajika mabomba 4 tu, na upande wote wa nyumba huenda ukaangukiwa na bomba moja au mawili. Gharama itapungua, lakini gesi inayopita katika mkondo mwembamba wa mchanga yaweza kupenya katikati ya mabomba hayo bila kuonekana.

Mpango ujumuishe pia bomba moja au mawili yaliyo mbali na dampo, kwa ajili ya kujua hali ya kawaida ya ardhi ya eneo husika. Methani hutokea pia kwenye matope ya mikoko, mabwawa, vyoo vya shimo na makaro. Katika mitaa iliyofikiwa na mtandao wa gesi asilia, kuvuja kwa bomba la gesi nako ni chanzo kinachowezekana. Gesi asilia huwa na hewa ya ukaa kidogo sana na huambatana na ethani. Gesi ya dampo huja na hewa ya ukaa nyingi. Tofauti hiyo humwezesha mtaalamu kutambua chanzo badala ya kukisia.

Kina cha mabomba

Kosa linalojirudia ni kuchimba mabomba mafupi kwa sababu kazi yake ni nyepesi. Gesi inaweza kupita chini yake. Kanuni inayotumika ni kwamba kina cha bomba refu kuliko yote kilingane na kina cha taka zilizo karibu nalo. Ndani ya shimo moja huwekwa mabomba ya ngazi tatu: la juu, la kati na la chini.

Endapo taka zimefika kina cha mita 12, ngazi hizo zaweza kuwa mita 2, mita 6 na mita 12. Lakini maji ya ardhini yakipanda hadi mita 8 wakati wa masika, bomba la mita 12 litajaa maji na halitapima chochote. Hapo ngazi ya chini hupandishwa juu ya kiwango hicho, kwa mfano mita 7, na ile ya kati kurekebishwa ipasavyo. Kwa sababu hiyo, kiwango cha maji kijulikane kwa misimu yote kabla ya michoro kukamilishwa.

Ujenzi wake

Bomba huwa la plastiki ngumu, likiwa na matundu sehemu ya chini tu. Kuzunguka matundu hayo hujazwa kokoto ndogo safi ili gesi iingie bila kizuizi. Kati ya ngazi moja na nyingine, na karibu na uso wa ardhi, huwekwa tabaka la bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaovimba unapolowa, ili kuziba kabisa. Tabaka hilo likikosewa, hewa ya nje huingia au gesi ya ngazi moja huchanganyika na ya nyingine, na vipimo vyote hupoteza maana.

Juu ya bomba huwekwa kizibo chenye valvu ndogo ya kuunganishia kifaa cha kupimia, ili kipimo kichukuliwe bila kufungua bomba. Kizibo hulindwa kwa kasha lenye kufuli na namba ya utambulisho. Kwa kuwa vifuniko vya chuma huvutia wanaotafuta chuma chakavu, kasha la zege ni chaguo la busara katika maeneo ya wazi.

Kabla ya uchimbaji, taasisi zinazomiliki miundombinu ya umeme, maji na gesi zishirikishwe ili nyaya na mabomba yao yasikatwe. Wakati wa uchimbaji hewa ipimwe mfululizo, uvutaji wa sigara upigwe marufuku, na mtu yeyote asiingie kwenye shimo.

Wakati wa kupima

Kanuni za shirikisho nchini Marekani zinataka vipimo vifanyike angalau mara moja kila robo mwaka, na kwa kawaida uangalizi huendelea kwa miaka 30 baada ya dampo kufungwa. Ratiba ya kalenda peke yake, hata hivyo, haitoshi. Funzo la Loscoe linataka vipimo vifanyike pia wakati mgandamizo wa hewa unashuka.

Katika ukanda wa tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku. Mshuko wa mchana huanza takribani saa 4 asubuhi na kufikia mwisho karibu saa 10 jioni, kwa kiasi cha milibari chache. Mshuko huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa Uingereza, lakini hurudi kila siku. Hivyo, vipimo vya alasiri husema mengi kuliko vya asubuhi. Mpimaji anayefika kila mara saa 3 asubuhi kwa sababu ya baridi na barabara kuwa nyeupe, anakusanya takwimu za wakati ambao gesi ina nafasi ndogo ya kutoka.

Msimu nao uzingatiwe. Mvua za masika na vuli huloweka udongo wa juu na kuuziba, hivyo gesi husukumwa pembeni zaidi. Angalau duru moja ya vipimo ifanyike mara baada ya mvua kubwa.

Kusoma matokeo

Katika kila bomba hurekodiwa tarehe, saa, mgandamizo wa hewa, msukumo wa gesi ndani ya bomba, methani, hewa ya ukaa, oksijeni, haidrojeni salfaidi na kiwango cha maji. Takwimu hizo husomwa kwa pamoja. Methani sifuri ikiambatana na oksijeni karibu asilimia 21 inaweza kumaanisha udongo safi, lakini yaweza pia kumaanisha kizibo kilicholegea kinachoingiza hewa ya nje. Methani sifuri yenye hewa ya ukaa nyingi na oksijeni kidogo ni dalili ya kufuatiliwa, kwa kuwa vimelea vya udongo huweza kuila methani njiani na kuacha hewa ya ukaa.

Mpango mzuri hutaja mapema ni kipimo gani kitaamsha hatua gani. Mwongozo wa Uingereza hutumia methani asilimia 1 na hewa ya ukaa asilimia 1.5 juu ya hali ya kawaida ya eneo. Marekani imeweka ukomo wa methani asilimia 5 mpakani mwa dampo, na robo ya kiwango hicho, yaani asilimia 1.25, ndani ya majengo ya dampo lenyewe. Kwa kufuata mantiki hiyo, ongezeko dogo huongoza kwenye kurudia kipimo na kuongeza mabomba. Kufikia asilimia 5 mpakani huongoza kwenye ukaguzi wa nyumba za jirani siku hiyo hiyo. Kipimo cha asilimia 1.25 ndani ya nyumba huongoza kwenye kuwaondoa wakazi hadi hali itakapodhibitiwa.

Wajibu wa mamlaka na wananchi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura ya 191, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo pia imezikabidhi serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Kwa msingi huo, mpango wa vipimo vya gesi unapaswa kuwa sehemu ya ufungaji wa dampo, na matokeo yake yabandikwe kwenye ofisi ya mtaa kwa lugha inayoeleweka, yakiwa na ramani inayoonesha kila bomba na namba yake.

Wananchi wanaoishi jirani na madampo ya zamani wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Kutong'oa, kutofungua wala kutoziba mabomba ya kupimia, na kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Mtaa pale kasha linapovunjwa.
- Kutochimba kisima, choo au msingi karibu na dampo la zamani kabla ya kupata ushauri wa halmashauri.
- Kutoingia kwenye shimo, karo au kisima kilichofunikwa kwa muda mrefu, hata kwa lengo la kumwokoa mtu, bila vifaa vya kupumulia.
- Kutoa taarifa mapema waonapo mimea ikikauka kwa duara bila sababu, mapovu kwenye madimbwi baada ya mvua, ardhi yenye joto lisilo la kawaida au harufu ya yai bovu ndani ya nyumba.
- Endapo gesi inashukiwa kuwamo ndani ya nyumba, kutowasha wala kuzima taa au jiko, kufungua milango na madirisha, kutoka nje wote, kisha kupiga simu ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba 114 wakiwa mbali na nyumba.

Wanaonunua viwanja wanakumbushwa kuuliza historia ya ardhi kwenye ofisi ya mtaa na idara ya mipango miji kabla ya kulipa. Kiwanja cha bei nafuu kilicho tambarare katikati ya mji uliojaa huenda kina sababu ya kubaki wazi, na sababu hiyo haionekani kwa macho. Pale ambapo mabomba ya kupimia yamepangwa ipasavyo na kusomwa kwa uaminifu, mnunuzi na jirani hupata jibu la kweli kabla ya msingi wa nyumba kuchimbwa.